Kithitu na Kitabu: Mamlaka ya Maandiko Katika Milima ya Kilungu

Kabla ya kitabu chochote kufika katika milima ya Kilungu, ambayo leo imo ndani ya Kaunti ya Makueni, ukweli ulikuwa na ulinzi wake katika kithitu, yaani kiapo kilicholiwa juu ya kitu chenye nguvu za kuogofya, ambacho Wakamba waliamini kwamba humwua aliyesema uongo au jamaa zake. Mashauri yaliamuliwa na wazee wa nzama, baraza la wakubwa wa mahali, na maombi ya mvua yalipelekwa kwenye ithembo, mahali patakatifu pa kutolea sadaka. Huo ulikuwa mfumo kamili wa maadili, na wageni waliouita giza hawakuutendea haki, kwa maana hata mabaraza ya kienyeji ya enzi ya ukoloni yaliendelea kukitumia kithitu yalipotaka kumpata msema kweli.

Mnamo Desemba 1895 Peter Cameron Scott, mzaliwa wa Glasgow, alifungua kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission huko Nzaui, vikafuata upesi vya Kilungu, Sakai na Kangundo. Scott alifariki dunia mwaka mmoja baadaye, lakini fundisho la misheni yake lilibaki: Biblia imevuviwa na Mungu, haina kosa, na ndiyo kanuni ya mwisho ya imani na mwenendo. Pamoja na fundisho hilo waongofu walipewa makatazo ya ngoma, pombe na ndoa ya wake wengi, yote yakitolewa kwa sauti ileile ya Maandiko, ingawa yapo ambayo msingi wake ulikuwa zaidi katika desturi za makanisa ya Marekani na Uingereza kuliko katika aya yoyote.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo, kwa sababu kuyakubali Maandiko kuwa kweli na kumkubali anayeyafafanua ni mambo mawili, na kwa muda mrefu Mkamba hakuwa na njia rahisi ya kuyatenganisha. Injili ya Marko iliyotafsiriwa na mmisionari Johann Ludwig Krapf ilichapwa kwa Kikamba mwaka 1850, Agano Jipya zima likatoka mwaka 1920, na Biblia nzima haikupatikana hadi mwaka 1956; kwa hiyo msomaji wa Kikamba pekee alisubiri miaka 36 kabla ya kujisomea mwenyewe habari kamili za Ibrahimu na Yakobo, wazee wa imani waliokuwa na wake zaidi ya mmoja. Mapema katika kipindi hicho, mwaka 1922, Ndonye wa Kauti alitangaza katika wilaya ya Machakos, iliyojumuisha Kilungu wakati ule, kwamba Mungu amesema naye moja kwa moja, na serikali ya kikoloni ikamkamata na kumwondoa kwao.

Njia iliyodumu ilikuwa nyingine. Mwaka 1945 Wakristo Wakamba waliunda African Brotherhood Church, ambayo makao yake yako Mitaboni, wakiishika Biblia ileile huku wakiukataa uongozi wa mgeni juu yake. Hawakuupunguza utii wao kwa Maandiko, bali waliutumia utii huo kudai haki ya kuyafasiri.

Mwanateolojia John Mbiti, aliyezaliwa Kitui mwaka 1931, alilipeleka swali hilo la kufasiri mbali zaidi. Katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu mafundisho ya siku za mwisho miongoni mwa Wakamba, alionyesha kwamba wamisionari walizifundisha ishara za mbinguni na jehanamu kana kwamba ni maelezo ya mahali halisi, na waumini wakaupokea mfano bila maana yake. Mbiti hakuiacha Biblia kwa sababu hiyo. Alirudi kwenye Kigiriki cha asili na kulitafsiri Agano Jipya kwa Kikamba, tafsiri iliyotoka mwaka 2014, miaka mitano kabla ya kifo chake. Tangu hapo msomaji wa Kilungu anaweza kuziweka tafsiri mbili mezani, na mahali zinapotofautiana hapana budi apime mwenyewe, kwa akili na dhamiri, lipi linalomfunga.