Ushuru wa maegesho Dar: mkusanyaji hubadilika, nafasi ni ileile

Lami ya Kidatu hadi Ifakara, kilomita 66.9, imewafungulia watu wa Bonde la Kilombero njia ya kwenda Dar es Salaam na magari yao wenyewe. Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Agosti 2024, na safari iliyokuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika imekuwa ya kuondoka Sanje alfajiri na kuingia mjini mchana. Shida inaanzia hapo mjini. Mwenye Noah aliyefuata vipuri Kariakoo, au mstaafu aliyekwenda kufuatilia mafao yake Posta, anakuta kwamba kufika ni rahisi kuliko kupata pa kusimama. Anazunguka Jamhuri, Indira Gandhi na Samora, mafuta yakiungua, na akipata upenyo anasubiriwa na mtu wa ushuru mwenye mashine mkononi.

Manung'uniko hayo ni ya zamani kuliko mashine ile, na kila serikali iliyoyasikia ilibadilisha mkusanyaji badala ya kuongeza nafasi.

Katikati ya mji hapakujengwa kwa ajili ya magari. Wajerumani walipanga mitaa ya waenda kwa miguu, mikokoteni na mizigo ya bandarini. Waingereza wakasimamisha Sanamu ya Askari mwaka 1927, na barabara inayopita hapo wakaiita Acacia Avenue. Baada ya uhuru ikawa Independence Avenue, kisha Samora. Majina yamebadilika, upana haukubadilika. Uhindini, mitaa ya wafanyabiashara wa Kihindi, palikuwa na nyumba fupi, duka chini na familia juu. Leo kwenye viwanja hivyohivyo yamesimama maghorofa marefu ya ofisi na makazi, na magari ya wote waliomo yanategemea mtaa uleule uliochorwa kwa ajili ya mwenye duka na watoto wake.

Mipango miji haikukosekana. Kuna wa 1949, wa 1968 ulioandaliwa na Wakanada, na wa 1979, ambao kwa zaidi ya miaka 30 ulibaki kwenye makabati huku jiji likijijengea lenyewe.

Zama za Mwalimu Nyerere hazikuwa na tatizo la maegesho kwa sababu hazikuwa na magari mengi. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, anaeleza jinsi mafundi wa gereji walivyoyaweka hai magari machache yaliyokuwepo, kwa vipuri vya kuchonga na akili ya mikono. Msukosuko wa mafuta wa 1973, na baadaye Vita vya Kagera, vilibana zaidi. Wazee wanakumbuka amri ya Jumapili: ikifika saa nane mchana, magari binafsi yalitakiwa yawe yameondoka barabarani mpaka Jumatatu alfajiri. Mitaa ilibaki wazi, watoto wakicheza mpira mahali ambapo leo saa moja ya kusimama inalipiwa.

Bajeti ya 1984 iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za nje, na utawala wa Mzee Mwinyi ukafungua mlango zaidi. Daladala zilikuwa zimeshahalalishwa mwaka 1983. Kufikia miaka ya 1990 magari yaliyotumika kutoka Japani yalikuwa yanashuka bandarini meli baada ya meli. Mabasi ya mikoani, ya kwetu Ifakara yakiwemo, yalikuwa bado yanaingia mpaka Kisutu na Mnazi Mmoja, katikati kabisa ya mji, yakigombania nafasi na teksi, mikokoteni na magari ya wakubwa.

Hapo ndipo ulipozuka mgogoro uliozaa ushuru tunaoulalamikia leo. Mwaka 1996 jiji lilikuwa limechoka. Taka zilizozolewa zilikuwa sehemu ndogo tu ya zile zilizozalishwa, barabara zilikuwa mashimo, na halmashauri haikuwa na fedha wala heshima. Juni mwaka huo Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliivunja Halmashauri ya Jiji na kuweka Tume ya watu walioteuliwa, ikiongozwa na Charles Keenja. Madiwani waliovuliwa nyadhifa walikuwa wamechaguliwa na wananchi mwaka 1994, katika chaguzi za kwanza za mfumo wa vyama vingi, na wakazi wa Dar walikuwa bado na kidonda cha Oktoba 1995, kura zao zilipofutwa na kupigwa upya Novemba. Kwa hiyo swali halikuwa la taka peke yake. Watu walitaka kujua nani ana mamlaka juu ya jiji: aliyechaguliwa na mtaa au aliyeteuliwa na Serikali.

Keenja alijibu kwa kazi. Tume ilikabidhi uzoaji taka kwa makampuni binafsi, ikawahamisha wafanyabiashara wa mitaani, ikazipa nguvu mpya kodi zilizokuwa zimelala. Kituo cha mabasi cha Ubungo kilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1990, na mabasi ya mikoani yakasukumwa nje ya mji. Katika miaka hiyohiyo ushuru wa maegesho ukapewa kampuni binafsi. Wakatokea watu wenye vitabu vya risiti, wakiandika namba ya gari na saa ya kufika, kisha kuibana karatasi chini ya waipa. Ukirudi unaikuta imelowa jasho la kioo au imepeperushwa na upepo wa bahari, na ubishi unaanza: umesimama saa moja au mbili? Mbishi alifungwa mnyororo kwenye gurudumu, au gari likavutwa na kukombolewa kwa pesa nyingi.

Sifa za Tume zilikuwa za haki, na wakazi wa Ubungo walimchagua Keenja kuwa mbunge wao mwaka 2000. Lakini utaratibu ule wa mawakala ulikuwa na tundu. Watafiti Odd-Helge Fjeldstad, Lucas Katera na Erasto Ngalewa, katika kazi waliyoifanya na taasisi ya REPOA, walionyesha kwamba halmashauri nyingi ziliwapa watu binafsi kazi ya kukusanya mapato bila kujua kiasi halisi kinachoweza kupatikana. Wakala alilipa kiasi cha mkataba, na ziada ikaenda mfukoni mwake. Halmashauri ilifurahi kupata fedha ya uhakika, mwananchi akaendelea kulipa, na hakuna aliyelazimika kujenga hata eneo moja la kuegesha magari.

Hilo ndilo kosa kubwa la historia hii, na bado halijasahihishwa. Ushuru wa soko humpatia mchuuzi kizimba na ushuru wa stendi humpatia abiria paa. Ushuru wa maegesho umempatia dereva risiti.

Yaliyofuata ni mabadiliko ya ofisi. Mwaka 2017 TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ilianzishwa, barabara za mijini na vijijini zikahamia kwake, na ushuru wa maegesho ukafuata barabara. Februari 2021 Rais Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam na kuipandisha Ilala kuwa jiji. Kama ilivyokuwa 1996, halmashauri hiyo ilivunjwa tena kutoka juu. Siku zilezile kituo kikuu cha Mbezi Luis kilifunguliwa, na basi la Ifakara lililowahi kukushusha Kisutu likawa linakushusha pembezoni kabisa, njia ya Morogoro.

Baadaye mwaka huo ulikuja mfumo wa kielektroniki. Karatasi ya waipa ikapotea, mtu wa ushuru akaanza kuingiza namba ya gari kwenye mashine, na deni likawa linasomwa kwenye simu na kulipwa kwa namba ya malipo. Malalamiko yalikuwa mengi: madeni ya mitaa ambayo mtu hakumbuki kufika, faini juu ya deni asilojua kama lipo, gari la mkononi lililonunuliwa na madeni ya mwenye gari wa kwanza. Mfumo wenyewe una faida, kwani fedha inaingia serikalini moja kwa moja. Ila mashine haiongezi mita moja ya nafasi.

Pengo hilo limejazwa na vijana. Ukiingia mitaa ya Kariakoo utamwona mmoja amesimama kando ya jiwe au ndoo aliyoiweka barabarani. Anakuinulia mkono, anaondoa jiwe, anakuelekeza urudi nyuma mpaka tairi liguse ukingo, kisha anabaki kulinda gari kwa chochote utakachompa. Kwa hiyo dereva analipa mara mbili, kwa mashine na kwa kijana, na kijana ndiye aliyempatia nafasi. Ndani ya majengo hali haina afadhali, maana ghorofa za chini zilizotengwa kwa ajili ya magari mara nyingi zimegeuzwa maghala na maduka, na magari ya wapangaji yamemwagwa mtaani.

Wenzetu wengi wa bonde wameamua kuliacha gari kwa ndugu Mbezi au Kimara na kuingia mjini kwa mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kubeba abiria Mei 2016. Ni busara kwa mtu mwenye begi. Kwa aliyebeba injini ya pawatila au magunia ya mchele haisaidii kitu, na huyo ndiye anayelisha masoko ya jiji. Yeye anahitaji jengo moja la umma la maegesho karibu na Gerezani, lenye bei ya kutwa isiyozidi faida ya gunia moja, na fedha ya kulijenga imekusanywa mitaani tangu siku za Keenja. TARURA na Jiji watoe hesabu ya fedha hizo mwaka kwa mwaka, hadharani, kabla ya kupandisha ushuru kwa shilingi nyingine hata moja.