Chanda Chema na Pete Iliyochelewa

Juma hili naomba tukae kidogo na mtu ambaye katika bendi huwa hatazamwi. Ukienda dansini utamwona mwimbaji, kwa kuwa yuko mbele. Utamwona mpiga solo, kwa kuwa vidole vyake vinakwenda mbio na mwenyewe anajua kwamba vinatazamwa. Mpiga besi yuko nyuma karibu na dramu, ametulia kama mtu anayengoja basi. Lakini besi ikikatika ghafla, hata yule aliyekuwa kaunta akiagiza soda hugeuka. Miguu husita. Watu hawajui kilichopungua ni nini, ila wanajua kimepungua.

Nimekumbuka haya kwa sababu ya kijana mmoja anayejifunza gitaa la besi. Alinijia na malalamiko. "Mzee," aliniambia, "mwalimu wangu ananilazimisha nisome noti na kanuni za muziki. Lakini yule bingwa wa Detroit, James Jamerson, alipiga kwa kidole kimoja, nyuzi zake hakuzibadilisha, na hayo ya kwenye karatasi hakuyajali. Kwa nini mimi nihangaike?"

Sikumjibu papo hapo. Nusu ya maneno yake ni kweli tupu. Nusu ya pili ni uzushi, na uzushi huo una historia yake. Ndiyo nitakayowasimulia leo.

Tuanze na chombo chenyewe. Kabla ya mwaka 1951, mpiga besi katika bendi nyingi za Marekani alibeba besi la kusimama, yaani lile fidla kubwa linalomzidi mtu kimo. Kulisafirisha kulikuwa adha, na sauti yake ilimezwa na tarumbeta na dramu. Watu walijaribu kulitafutia dawa ya umeme tangu miaka ya 1930, lakini aliyefanikiwa kuieneza dawa hiyo ni Leo Fender, fundi wa redio wa mji wa Fullerton, California. Mwaka 1951 alitoa gitaa la besi la umeme akaliita Precision, maana yake usahihi. Jina hilo lilitokana na vile vijichuma vilivyokatiza shingo ya gitaa, ambavyo humsaidia mpigaji kupata sauti sawasawa. Katika besi la kusimama havipo. Pale mwongozo ni sikio na mazoea ya mkono. La kushangaza ni kwamba Fender mwenyewe hakuwa mpiga gitaa. Alikuwa fundi aliyesikiliza shida za wapigaji.

Zingatieni jambo moja hapa, maana tutalirudia. Gitaa hili jipya lilikuwa na nyuzi nne kama besi la kusimama, zikifungwa kwa sauti zilezile. Tofauti kubwa ilikuwa kipimo. Uzi wa gitaa la Fender una urefu wa sentimita 86 hivi, ilhali ule wa besi la kusimama hupita mita moja. Kwa hiyo aliyejua besi la zamani aliweza kuhamia kwenye gitaa pamoja na ujuzi wake wote.

Mmoja wa waliohama hivyo ni huyo James Jamerson. Alizaliwa tarehe 29 Januari 1936 katika kisiwa cha Edisto, jimbo la South Carolina, na mwaka 1954 alikwenda kuishi Detroit pamoja na mama yake. Detroit ulikuwa mji wa viwanda vya magari, na watu weusi wengi kutoka kusini walikimbilia huko kutafuta kazi. Kijana huyo aliingia shule ya sekondari ya Northwestern, na humo shuleni ndimo alimoshika besi la kusimama na kufundishwa. Punde si punde akawa anapiga jazi katika vilabu vya usiku. Kwa hiyo alipofika studio alikuwa ameshapitia shule mbili: ile ya darasani, na ile ya jukwaa la jazi, ambako asiyejua wimbo unakokwenda huaibika mbele ya watu.

Mwaka 1959 Berry Gordy, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha magari, alianzisha kampuni iliyokuja kujulikana kama Motown. Studio yake ilikuwa ndani ya nyumba ya kawaida, namba 2648 West Grand Boulevard. Chumba cha kurekodia kilikuwa kidogo, nyaya zikining'inia, nao wanamuziki wakakiita shimo la nyoka. Humo walikusanyika wapigaji waliojiita Funk Brothers, wakiwamo Earl Van Dyke kwenye kinanda, Benny Benjamin kwenye dramu, na Jamerson kwenye besi. Waimbaji walipishana, leo The Supremes, kesho The Temptations, keshokutwa Stevie Wonder, lakini nyuma yao kundi lilikuwa lilelile.

Mwanzoni Jamerson alipiga lile besi la kusimama. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 akashika gitaa la Fender, na lililompa sifa kuliko yote ni Precision la mwaka 1962. Hapa ndipo inapoanza ile nusu ya kweli ya kijana wangu.

Kwanza, nyuzi. Jamerson alitumia nyuzi nene zenye uso laini, zile ambazo waya wake wa nje ni bapa, wala hakuzibadilisha mpaka ukatike mmoja. Uzi mpya hutoa mlio mkali unaong'aa. Ukikaa muda mrefu huingia jasho na uchafu, ule ukali hupungua, ikabaki sauti nzito na ya mviringo.

Pili, kipande cha sponji. Chini ya kifuniko cha chuma karibu na mahali nyuzi zinapoishia, palikuwa na sponji iliyozigusa. Kazi yake ni kuzuia sauti isiburure. Noti inapigwa, inasikika, inakufa, na dramu inapata nafasi yake.

Tatu, nyuzi zake ziliinuliwa juu sana ya shingo. Wengi waliolijaribu gitaa hilo walishindwa, kwa maana kila noti ilidai nguvu. Faida yake ni kwamba uzi uliopigwa kwa nguvu haugongi vijichuma na kukwaruza.

Nne, kidole. Mkono wake wa kulia ulifanya kazi kwa kidole cha shahada peke yake, vingine vikiegemea kifuniko cha chuma. Wenzake walikipachika jina la Ndoana.

Sasa tuunganishe. Katika jazi, mpiga besi la kusimama huvuta uzi kwa kidole cha shahada, kwa nguvu ya mkono mzima. Nyuzi zake ni nene na ziko juu. Tena, kwa sababu shingo ni ndefu, hujifunza kupiga uzi mtupu usiokandamizwa, ili mkono wa kushoto upate muda wa kuhama. Jamerson naye alipenda mno nyuzi tupu, akizitumia kama mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe. Mnaona? Hayo yanayosimuliwa kuwa vituko vya mtu asiyejali mafunzo ni mafunzo yenyewe, yaliyohamishwa kutoka chombo kikubwa hadi kidogo.

Na nadharia je? Kwenye studio ile mara nyingi wapigaji walipewa karatasi yenye majina ya kodi. Sisemi kodi ya serikali; nasema zile sauti tatu au nne zinazopigwa kwa pamoja. Iliyobaki besi ajaze mwenyewe. Wenzangu mlioimba kwaya mnajua do, mi, so. Wimbo ukiwa umekaa juu ya do, wapiga besi wengi wa siku zile walipiga do na so, do na so, kama watu wanaotwanga. Jamerson alipita katikati. Aligusa mi, akagusa la, akapenya katika zile sauti ambazo kwenye kinanda ni vibao vyeusi, kisha akatua kwenye kodi mpya wakati uleule inapoingia, au nukta moja kabla yake ili kuwashtua wachezaji.

Sikilizeni "Bernadette" ya The Four Tops, ya mwaka 1967, mtasikia besi inayokaribia kuwa mwimbaji wa pili. Kisha sikilizeni "My Girl" ya The Temptations, ya mwaka 1964. Pale besi inaufungua wimbo kwa sauti chache tu, zinazorudiwa kama mapigo ya moyo. Mtu anayepiga kwa kubahatisha hawezi kujua lini aseme mengi na lini anyamaze. Tena Jamerson alijua kusoma noti. Wimbo "What's Going On" wa Marvin Gaye uliandikiwa mpangilio wa vyombo na David Van De Pitte, kwa wino juu ya karatasi, na besi yake alipiga Jamerson.

Simaanishi kwamba kila bingwa alisoma. Paul McCartney wa The Beatles hasomi noti, na besi yake inajulikana dunia nzima. Carol Kaye wa Los Angeles alisoma noti kwa wepesi, alipiga kwa kijiti badala ya kidole, na aliandika vitabu vya kufundishia. Larry Graham alianza kugonga nyuzi kwa dole gumba kwa sababu alikuwa akipiga na mama yake bila mpiga dramu, akataka besi ijaze pengo. Njia ni nyingi. Lakini wote hao walijua wanalolifanya, awe mtu amelijua kwa jicho au kwa sikio.

Basi uzushi ulitoka wapi? Ulitoka kwenye ganda la santuri. Kwa karibu miaka kumi na miwili dunia ilicheza besi ya Jamerson bila kumjua. Kwenye maganda ya Motown liliandikwa jina la mwimbaji, la mtunzi, la mtayarishaji. Wapigaji hawakutajwa. Ni mwaka 1971, katika albamu hiyo ya What's Going On, ndipo wapigaji walipotajwa kwa ukamilifu, na Jamerson akaelezwa kuwa hana mfano. Kazi ya mtu ikijulikana na mwenyewe asijulikane, watu huokota vipande na kushona hadithi: kidole kimoja, nyuzi kuukuu, chupa ya pombe. Shule aliyosoma haimo, usiku wa kufanya mazoezi haumo. Elimu yake ikageuzwa kuwa kipaji cha bure, kana kwamba aliamka asubuhi akakuta ujuzi umelala mlangoni.

Yaliyofuata ni ya huzuni. Mwaka 1972 Motown ilihamishia makao yake Los Angeles. Jamerson akafuata mwaka 1973, lakini hakudumu na kampuni hiyo. Soko lilikuwa linataka mlio mkali wa nyuzi mpya na mtindo wa dole gumba, naye hakuziacha nyuzi zake. Hapa pana funzo pia: mpangilio wa gitaa uliofaa chumba kile cha Detroit haukuwa sheria ya milele. Ulevi nao ulimla, na lazima niuseme. Machi 1983 Motown ilifanya sherehe ya televisheni ya kutimiza miaka 25. Inasimuliwa kwamba Jamerson aliingia humo kama mtazamaji tu, akakaa nyuma. Siku chache kabla ya kifo chake, lile gitaa la mwaka 1962 likaibwa. Alifariki tarehe 2 Agosti 1983, akiwa na umri wa miaka 47.

Wahenga wetu walisema chanda chema huvikwa pete. Chanda hiki kilivikwa, ila mwenyewe hakuwapo. Mwaka 1989 Allan Slutsky alitoa kitabu chenye maisha yake pamoja na noti alizopiga, zikiandikwa moja moja. Mwaka 2000 aliingizwa katika jumba la heshima la muziki wa rock and roll kule Marekani, miongoni mwa wapigaji wa nyuma wa kwanza kupewa nafasi hiyo. Mwaka 2002 ikatoka filamu juu ya Funk Brothers. Pendeni kumbuka jambo hili: ilipofika zamu ya kumheshimu, heshima ya kwanza ilikuwa kuziandika noti zake. Zilipokwisha kuandikwa ndipo wengi walipoona jinsi zilivyopangwa.

Kwa hiyo, kijana wangu, kama unanisikiliza, jibu langu ndilo hili. Ukitaka kupiga kwa kidole kimoja, piga. Nyuzi zako ukitaka kuziacha zizeeke, ziache, mradi sauti yake ndiyo unayoitafuta, si kwa uvivu wala kwa kuiga. Lakini usiseme Jamerson alidharau kusoma. Utakuwa unamnyima mara ya pili kile alichonyimwa alipokuwa hai. Rudi kwa mwalimu wako.

Nanyi wasikilizaji wengine, mkienda dansini Jumamosi hii, nyimbo zikiisha, mwulizeni yule wa nyuma jina lake. Hadi juma lijalo, kwaherini.