Wanawake wa Njia ya Ruvuma

Machi 1866 David Livingstone alishuka Mikindani, akafuata Mto Ruvuma kwenda bara. Mwezi Juni aliandika kwamba alimpita mwanamke aliyefungwa shingo kwenye mti, amekwisha kufa. Alielezwa kuwa alishindwa kwenda sawa na msafara, na bwana wake hakutaka awe mali ya mtu mwingine endapo angepona. Habari za namna hiyo tumezisikia katika mahubiri. Zisizosimuliwa ni habari za wanawake waliofika pwani wakiwa hai.

Mwanamke mtumwa hakuwa na neno juu ya mwili wake. Bwana alipomtaka alimchukua, na alipomchoka aliweza kumuuza, isipokuwa suria aliyemzalia mtoto. Wanahistoria wa pwani ya Waswahili wameona kwamba wanawake watumwa walizaa watoto wachache. Wanataja magonjwa ya zinaa, kazi nzito, mimba kuharibika, na wengine kuzitoa kwa kutotaka kumzaa mtumwa. Nadhani wengi wao waliitwa tasa. Neno hilo humwangukia mwanamke upesi, na aliyemuumiza haulizwi.

Mkataba wa 1873 ulipiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliongoza kundi la walioachwa huru kutoka Unguja. Walikusudia kwenda Ziwa Nyasa, wakaishia Masasi. Mwaka 1882 Wangoni, waliojulikana huku kama Magwangwara, walikivamia kijiji hicho cha misheni na kuondoka na mateka. Hata chini ya kengele ya kanisa, mwanamke aliyekombolewa aliweza kutekwa tena.

Leo hakuna msafara. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Lakini hata baada ya sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, mume hahesabiwi amembaka mkewe ila wakiwa wametengana. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2013 ilionyesha kuwa wanawake wanaofanyiwa ukatili na wenzi wao huzaa zaidi watoto wenye uzito mdogo, na katika baadhi ya maeneo huwa na uwezekano wa kupata VVU mara moja na nusu kuliko wengine. Si ajabu. Mke anayeogopa kipigo ataombaje kondomu? Atakwendaje kupima, au kupanga uzazi, ikiwa hata nauli ya kliniki huiomba kwa woga?

Nasi tunapomwombea mama asiyepata mtoto, humuuliza ameolewa miaka mingapi. Sijasikia akiulizwa anaishije nyumbani. Na aliyebakwa huambiwa asubiri kikao cha wazee wa kanisa. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72. Tendo likitokea Jumatano usiku, na kikao kikaitishwa Jumapili baada ya ibada, saa hizo zimekwisha pita.