Sindromu ya Sanjad-Sakati

Sindromu ya Sanjad-Sakati ni ugonjwa adimu wa kurithi unaodumaza mwili na akili ya mtoto. Ulielezwa Saudia mwaka 1988, ukaonekana pia Oman, Kuwait na Qatar. Chanzo ni hitilafu ya jeni TBCE katika kromosomu namba 1. Mtoto huugua akirithi nakala mbovu kwa baba na kwa mama, ambao wenyewe ni wazima. Ndoa za binamu huongeza uwezekano huo. Tezi za parathiroidi hushindwa kazi, kalsiamu ya damu hushuka, na degedege lisilo na homa mara nyingi ndilo dalili ya kwanza. Macho huwa yamezama, pua imepinda kama mdomo wa ndege, midomo ni myembamba, kidevu kidogo. Kalsiamu na vitamini D huzuia degedege, udumavu haviuondoi.