Mrabaha wa Redio: Jinsi Marekani Ilivyomruka Mwimbaji

Otis Redding aliutunga wimbo wa "Respect" na kuurekodi mwaka 1965. Miaka miwili baadaye Aretha Franklin aliurekodi upya, na sauti yake ndiyo iliyoupeleka wimbo huo duniani kote. Hata hivyo, kila redio ya kawaida ya Marekani iliporusha rekodi ya Aretha, mrabaha ulikwenda upande wa utunzi. Mwimbaji hakuambulia kitu.

Mzizi wa jambo hili ni sheria ya hakimiliki ya mwaka 1909, iliyotungwa kabla redio hazijaanza. Ilimlinda mwenye nota na maneno. Sauti iliyonaswa kwenye santuri haikuwamo. Watunzi walianzisha chama chao, ASCAP, mwaka 1914, na redio zilipoenea katika miaka ya 1920 wakaanza kuzidai malipo. Waimbaji na wapiga ala hawakuwa na haraka, kwa kuwa vituo vingi viliajiri bendi kupiga moja kwa moja studioni. Mambo yaligeuka pale santuri ilipoanza kuchukua kazi ya bendi.

Fred Waring, kiongozi wa bendi ya Pennsylvanians, aliandikisha kwenye santuri zake kwamba haziruhusiwi kurushwa redioni. Kituo cha WDAS cha Philadelphia kikazirusha. Waring alishtaki, na mwaka 1937 Mahakama ya Juu ya jimbo la Pennsylvania ikampa haki. Ushindi huo haukudumu. Mwaka 1940, katika kesi iliyomhusu kiongozi mwingine wa bendi, Paul Whiteman, mahakama ya rufaa ya shirikisho, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Learned Hand, iliamua kwamba santuri ikishauzwa, mwanamuziki hawezi tena kuizuia redio kuipiga.

Wanamuziki wakageukia mgomo. Agosti 1942 chama chao, chini ya James Petrillo, kiliwakataza wanachama kurekodi. Kampuni ya Decca ilisalimu amri mwaka 1943. Columbia na RCA Victor zikafuata mwaka 1944. Lakini waliokubali kuchangia mfuko wa wanamuziki ni wauza santuri. Redio zilibaki pembeni, hazikutoa hata senti.

Hoja ya wenye redio ilikuwa moja: sisi tunawatangaza bure, na santuri zinanunuliwa kwa sababu yetu. Haikuwa hoja ya uongo. Katika miaka ya 1950 kampuni za rekodi ziliwahonga watangazaji ili nyimbo zao zipigwe, hadi sheria ikaingilia kati mwaka 1960. Bunge liliposhughulikia rekodi mwaka 1971, liliziwekea ulinzi dhidi ya wanaozinakili kwa wizi, likaacha suala la kurushwa hewani.

Nchi nyingine zilikuwa zimeshachukua njia tofauti. Mkataba wa Roma wa mwaka 1961 uliweka msingi wa kuwalipa wasanii, watayarishaji wa rekodi, au wote pamoja, rekodi zao zinapotangazwa. Marekani haikujiunga. Gharama yake ni kwamba nchi nyingi zinazowalipa wasanii huwanyima Wamarekani, kwa kuwa kwao hakuna anayelipwa.

Mlango ulifunguka nusu mwaka 1995, sheria ilipotambua malipo ya rekodi zinazosikilizwa kwa njia ya kidijitali. Leo shirika la SoundExchange hukusanya fedha hizo na kuzigawa: asilimia 50 kwa mwenye rekodi, 45 kwa msanii mkuu na 5 kwa wapiga ala na waitikiaji. Redio ya mawimbi bado haimlipi mwimbaji. Muswada wa kuitaka imlipe, uliofikishwa bungeni mwaka 2021, ulipendekeza vituo vidogo vilipe dola 500 au pungufu kwa mwaka, ili visielemewe.

Pendekezo hilo ni la haki. Kutangazwa kulikuwa na thamani kwa mwimbaji pale msikilizaji alipotoka na kununua santuri. Siku hizi wengi hawanunui chochote, ilhali redio inaendelea kuuza matangazo ya biashara kwa mvuto wa sauti ya mwimbaji. Kenya, ambako chama cha MCSK kiliundwa kwa ajili ya watunzi, KAMP kwa watayarishaji wa rekodi na PRISK kwa waimbaji na wapiga ala, haina haja ya kuiga pengo la Marekani. Haki imeshatambuliwa, kilichobaki ni vituo kulipa kwa wakati, na vyama kuonyesha hesabu ya kila shilingi kwa wenye jasho.