Napster haikuwa na wimbo hata mmoja

Juni 1999, programu iitwayo Napster ilianza kuzagaa katika mabweni ya vyuo vya Marekani. Aliyeiandika, Shawn Fanning, alikuwa na miaka 18 na ameshaacha masomo Boston. Nyimbo zilikaa kwenye kompyuta za watu. Seva za Napster zilitunza tu orodha ya nani ana wimbo gani. Ukitafuta wimbo, unaelekezwa kwa mwenye nao, kisha kompyuta zenu zinapeana moja kwa moja.

Orodha hiyo ndiyo iliyoiponza. Desemba 1999 kampuni za kurekodi muziki, kupitia chama chao RIAA, zilifungua kesi. Aprili 2000 bendi ya Metallica ikafuata. Februari 2001 mahakama ya rufaa iliona kwamba Napster ilijua yanayofanyika na ilikuwa na uwezo wa kuyazuia. Julai huduma ikafungwa.

Waandishi wa programu walipata somo lao: orodha isiwe na mwenyewe. Gnutella, iliyotoka Machi 2000, ilikuwa imeshaonyesha njia, kila kompyuta ikimuuliza jirani yake. Mwaka 2001 ikaja Kazaa, na pia BitTorrent ya Bram Cohen, inayolikata faili vipande vipande ili anayepokea awe anawagawia wengine papo hapo. Si ya maharamia tu: wasambazaji wa mfumo wa kompyuta wa Linux wanaitumia hadi leo. Na waanzilishi wa Kazaa, Niklas Zennström na Janus Friis, ndio walioleta Skype mwaka 2003, iliyowaunganisha watu wengi na ndugu zao wa ng'ambo.

Lakini orodha ilipokosa mwenyewe, lawama ilihamia kwa mtumiaji. Kazaa ilikuja na programu za matangazo ambazo wengi hawakujua wamezipokea. Jina la faili halikuthibitisha kilichomo. Ulilodhani ni wimbo huenda likawa kirusi. Aliyekosea kuchagua folda ya kugawa aliwafungulia wageni barua na hesabu zake za nyumbani. Zaidi ya hayo, anayegawa huonekana: anwani ya IP ya kompyuta yake iko wazi kwa wenzake, na wapelelezi wa kampuni hujiunga kama mtu yeyote. Septemba 2003 RIAA iliwashtaki watu 261 kwa mkupuo. Mmoja alikuwa msichana wa miaka 12 wa New York, na mama yake akakubali kulipa dola 2,000. Sijui ni nani aliyedhani picha hiyo ingewapendeza wanunuzi wa muziki.

Megaupload, iliyoanzishwa Hong Kong mwaka 2005 na Kim Dotcom, ilitoa njia nyingine: pakia faili kwenye seva zao, mtumie mwenzako kiungo. Hapo majirani hawakuoni, ila mali yako iko kwa mtu mwingine. Januari 2012 serikali ya Marekani iliifunga kwa madai ya uharamia, na Dotcom akakamatwa New Zealand. Waliohifadhi kazi zao halali walifungiwa nje pamoja na maharamia. Miongoni mwao alikuwa mpiga video wa michezo ya shule, ambaye diski yake ya nyumbani ilikuwa imeharibika siku chache kabla ya msako. Alikwenda mahakamani kudai video zake, na miaka mitano baadaye mawakili wake walikuwa bado wanaziomba.