Nyumba ya Udongo ya Kwihara

Sisi watu wa Katanga tuna ujirani wa zamani na nchi ya Tabora. Mwenda Msiri, aliyejenga mji wa Bunkeya na kutawala sehemu kubwa ya nchi yetu mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891, alikuwa mwana wa Kalasa, mfanyabiashara wa kabila la Wasumbwa, ndugu wa Wanyamwezi. Baba aliifuata shaba ya Katanga, naye mwana akaja nyuma yake, akakaa. Watu wake ndio Bayeke, na wajukuu zao tunasali nao katika kanisa moja hapa Lubumbashi. Basi, nilipopata nafasi ya kuvuka ziwa Tanganyika na kupanda gari la moshi kutoka Kigoma mpaka Tabora, nilikwenda kama mtu anayekwenda kuwaamkia wazee wa jirani yake.

Kilomita chache nje ya mji wa Tabora, upande wa kusini-magharibi, kuna kijiji kiitwacho Kwihara. Zamani nchi ile yote iliitwa Unyanyembe, nayo ilikuwa njia panda ya misafara: njia moja yatoka pwani ya Bagamoyo, nyingine yaenda Ujiji na Maniema, nyingine yaelekea Karagwe na Buganda. Waarabu wafanyabiashara walijenga huko nyumba kubwa na kupanda miembe. Katika moja ya nyumba hizo Daktari David Livingstone alikaa mwaka 1872. Nyumba ya kwanza ilibomoka, ikajengwa upya pale pale kwa mtindo ule ule, na sasa inatunzwa kuwa makumbusho.

Nyumba yenyewe ni ya tembe. Wewe uliyezoea matofali ya kuchoma na mabati, usidhani kwamba tembe ni kibanda. Kuta zake ni za udongo, nene sana. Paa lake halina mgongo: ni magogo yaliyolazwa, juu yake fito na majani, na juu kabisa udongo ulioshindiliwa. Vyumba vimezunguka ua, na mlango mkubwa wa mbao zilizochongwa ndio unaoelekea nje, kwenye baraza. Barazani wanaume walipokea wageni na kupatana bei. Uani chakula kilipikwa na mizigo ikahifadhiwa. Joto la mchana haliingii upesi, wala mwizi hapati pa kupita. Lakini nyumba hii ina adui mmoja, naye ni mvua. Paa lisipotengenezwa kila mara kwa udongo mpya, maji hupenya, miti huoza, na baada ya miaka michache nyumba yote hurudi kuwa udongo.

Mlinzi aliniuliza, "Mzee, umetoka wapi?" Nikamjibu, "Lubumbashi, Katanga." Akacheka, akasema, "Ah, kwa Msiri! Basi umekuja nyumbani." Akanifungulia mlango.

Mambo ya nyumba hii ni haya. Mwaka 1871 Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, alifika Kwihara akimtafuta Livingstone, ambaye watu wa Ulaya walidhani amepotea. Akacheleweshwa na vita, maana Waarabu walikuwa wakipigana na Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi. Mwishowe alizunguka vita hivyo, akamkuta Livingstone Ujiji, na tarehe 18 Februari 1872 wote wawili waliingia Kwihara. Tarehe 14 Machi Stanley aliondoka kwenda pwani, amechukua barua na kitabu cha habari za safari. Livingstone akabaki, akingoja wapagazi.

Tarehe 1 Mei 1872 alimaliza hapo barua kwa gazeti lile la Marekani, akiwasihi watu wa mataifa yote wasaidie kukomesha biashara ya watumwa. Alijua anachosema. Tarehe 15 Julai 1871, kule Nyangwe kando ya Lualaba, katika Kongo yetu, aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wakiwapiga risasi wanawake waliokuja sokoni, na mamia wakafa.

Nilikaa barazani nikilifikiri jambo hilo. Barua ile dhidi ya utumwa iliandikwa katika nyumba iliyojengwa na wafanyabiashara wa misafara, na misafara ile ilichukua pembe za ndovu na watumwa pamoja. Livingstone alikuwa mgeni wao. Tena mwaka 1869, alipokuwa mahututi, Mwarabu mmoja jina lake Mohammed bin Gharib alimwuguza na kumfikisha Ujiji. Ukarimu ulikuwa wa kweli, na uovu wa biashara ulikuwa wa kweli vilevile. Aelezaye habari za zamani asifiche hata kimoja. Na sisi tusisahau kwamba Msiri naye aliuza watu.

Tarehe 25 Agosti 1872 Livingstone alitoka katika mlango huu pamoja na wapagazi wapya waliotumwa kutoka pwani. Nia yake ilikuwa kulizunguka ziwa Bangweulu, kisha kuja Katanga kuona machimbo ya shaba. Hakufika kwetu. Tarehe 1 Mei 1873, mwaka mmoja kamili tangu siku ile ya barua, watu wake walimkuta amekufa katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Zambia ya leo. Alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Hapo, msomaji mpendwa, huanza habari inayonigusa kupita zote. Waliobaki walikuwa Susi na Chuma, kijana Jacob Wainwright, Halima mpishi, na wenzao wengi. Chuma alikuwa Myao aliyeokolewa katika minyororo ya utumwa mwaka 1861. Bwana wao amekufa, nao wako mbali na pwani kwa zaidi ya kilomita 1,500. Wangeweza kumzika wakaenda zao, na hakuna ambaye angewalaumu. Lakini walishauriana, wakauzika moyo wake chini ya mti, Wainwright akisoma sala. Wakaukausha mwili juani, wakaufunga kwa nguo na gome la mti, wakauchukua mabegani.

Mwezi Oktoba 1873 walifika Kwihara. Wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike papo hapo, kwa kuwa njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Wakakataa. Walisema watamfikisha kwao. Fikiri jambo hilo: watu wa kuajiriwa, miguu imechoka, wanamkatalia ofisa wa serikali kubwa kwa ajili ya maiti ya mtu asiyeweza tena kuwalipa hata senti moja. Na njiani, walipozuiliwa kupita na mfu, waliufunga mwili upya kama mzigo wa nguo za biashara, wakapita.

Mwezi Februari 1874 walifika Bagamoyo. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliupokea mwili katika misheni yao, ukalala huko usiku mmoja. Livingstone alikuwa Mprotestanti. Lakini kuwazika wafu ni tendo la huruma, na katika tendo hilo hakuna anayeulizwa dhehebu lake. Tarehe 18 Aprili 1874 alizikwa London katika kanisa la Abasia ya Westminster. Wapagazi wake walikuwa wameshalipwa ujira wao pwani na kuachwa huko. Wainwright peke yake ndiye aliyesafiri na mwili. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, mazishi yakiwa yamekwisha.

Nyumba ile huitwa nyumba ya Livingstone, wala sisemi ibadilishwe jina. Lakini nikiwa katika ua ule niliona kwamba mgeni hakukaa hapo peke yake. Kulikuwa na waliochota maji, waliopika, waliobeba, na mwishowe waliokataa kumwacha. Majina yao machache tunayajua kwa sababu yaliandikwa. Ya wengine yameoza kama miti ya paa lisilotiwa udongo mpya.

Lubumbashi yetu ilianza mwaka 1910, nayo pia ilijengwa na mabega ya watu. Waliochimba shaba na kutandika reli walitoka Kasai, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini na vijiji vya Katanga. Nyumba za wakubwa wao bado zina majina. Je, babu yako alitoka kijiji gani, na nani aliandamana naye njiani? Ikiwa bado yuko mzee nyumbani anayejua, usingoje masika mengine. Kaa naye barazani Jumapili hii baada ya Misa, uandike majina hayo.